Kinamasi Kilichobaki Kwenye Ramani

Simu ya kaka yake iliita wakati Fundi alipokuwa bado anatafuta mahali pa kuweka mkoba ofisini. Kaka hakusalimu. Alisema tu, "Njoo uone viazi vyangu," na kwa mbali Fundi akasikia wanawake wakizungumza kwa sauti za chini, kama watu waliokuja kutoa pole.

Jioni iliyotangulia kaka huyohuyo alikuwa amempigia kumuuliza kama kuna haja ya kufunika shamba kwa majani makavu. Upepo ulikuwa umetulia, mbingu haina wingu hata la kusingizia, na moyo wake haukuwa na raha. Fundi alitazama utabiri kwenye kompyuta, akaona bonde la kwao limeandikiwa nyuzi tano, akamwambia alale usingizi wake. Nyuzi tano ni baridi ya kuvaa sweta, si ya kuua kiazi. Kumbe alfajiri sakitu ilishuka, ile barafu nyembamba kama chumvi iliyomwagwa, ikakaa juu ya majani mpaka jua lilipochomoza. Jua lilipopanda, shamba zima likawa jeusi.

Ofisini walimwita Fundi kwa sababu kazi yake ilikuwa kuitengeneza modeli ya hali ya hewa. Hiyo ilikuwa programu kubwa iliyoigawa nchi na majirani zake katika miraba midogo midogo, na kwa kila mraba ikakokotoa upepo, unyevu, joto na mvua ya siku zinazokuja. Mambo makubwa, kama pepo zinazovuka nchi, iliyaona vizuri. Mambo madogo yanayopotea ndani ya mraba mmoja, kama wingu linalochemka juu ya kilima au namna ardhi inavyopoa usiku, ilibidi ifundishwe kwa kanuni, na kanuni hizo ndizo zilizokuwa mikononi mwa Fundi. Aliwahi kuigusa moja vibaya, na nchi nzima ikanyeshewa kwenye skrini wiki nzima. Wenzake hawakuacha kumtania kwa hilo. Kila wingu dogo lilipopita dirishani walimuuliza kama watoke na miavuli.

Siku ile hakuna aliyetania. Bonde la kwao lilikuwa na kituo kidogo cha kupimia kwenye uwanja wa shule, na kituo hicho kilionyesha kwamba alfajiri joto lilishuka chini ya sifuri. Mkuu wa kitengo, mtu mpole aliyezoea kulaumiwa na wizara kwa mvua na kwa ukame vilevile, aliwaita wote chumbani kwake. Alitaka dawa ya haraka. Msimu wa baridi ulikuwa bado mbichi, akasema, na usiku mwingine kama ule ungekuja wakati wowote. Kwa hiyo waipunguzie modeli nyuzi sita kila usiku katika bonde lile, mambo yaishe. Mtabiri wa zamu, mama mwenye sauti nzuri aliyesoma utabiri redioni na ambaye tangu asubuhi alikuwa akipokea simu za matusi, alimuunga mkono.

Fundi alisema hicho ni kiraka. Usiku wenye mawingu modeli ilikuwa haikosei pale. Wakiipunguzia kila siku wangetangaza sakitu isiyokuja, watu wangefunika mashamba bure mara mbili tatu, halafu siku ya kweli wasisikilize. Aliomba muda autafute ugonjwa wenyewe. Mkuu alimtazama kama mtu anayetazama fundi bomba aliyekwisha kubomoa ukuta, akampa muda, lakini mfupi.

Akaanza na ramani ya ardhi. Kila mraba wa modeli ulikuwa na rangi yake: msitu, mji, malisho, shamba, maji. Rangi hiyo ndiyo iliyoiambia modeli ardhi ya pale inapata joto vipi mchana na inalipoteza vipi usiku. Bonde la kwao lilikuwa na rangi ya kinamasi.

Alikaa akiitazama rangi ile. Alikuwa ameiona kwa miaka, mara nyingi kuliko alivyomwona mama yake. Na hakuna aliyejua kuliko yeye kwamba kinamasi hakipo, kwa sababu siku maji yalipofunguliwa yatoke alikuwapo, ameshika sahani ya wali, akimshangilia kaka yake.

Kaka huyo kijijini walimwita Jembe, na si kwa kulima tu. Alikuwa mtu wa kuanza jambo na kulimaliza. Zamani bonde lote chini ya nyumba ya mama yao lilikuwa matete, vyura na mbu. Jembe ndiye aliyeunda kikundi cha wakulima, akazunguka nyumba kwa nyumba kuwabembeleza waliokuwa wakipinga, akasimamia uchimbaji wa mifereji mpaka yeye mwenyewe akaugua mgongo. Udongo mweusi uliobaki ulizaa viazi vikubwa kama ngumi. Waliopinga wakawa wa kwanza kuja na magunia. Watoto walisomeshwa kwa viazi hivyo, na mama yao akaezekewa bati jipya.

Mambo hayo mawili, ramani na sherehe, yalikuwa yamekaa kichwani mwa Fundi bila kukutana.

Maji hushika joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Modeli ilidhani bonde lina maji, ikalipa joto lisilokuwepo. Fundi alifuta kinamasi, akaweka shamba, akaiendesha modeli upya kwa usiku ule ule. Joto likashuka kutoka tano hadi tatu. Akarudia akidhani amekosea. Tatu. Ramani ilikuwa kosa, lakini haikuwa kosa lote. Kulikuwa na kitu kingine katika ardhi ile ambacho kanuni zake hazikukijua, na kutoka mjini asingekiona. Akaomba gari la ofisi na vipimajoto, akaenda nyumbani.

Wifi yake, mke wa Jembe, ndiye aliyempokea. Alimkumbatia, lakini si kwa yale makelele yake ya siku zote, akamwambia Jembe yuko shambani na kwamba asishangae asipochangamkiwa. Mama yao alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Kibustani chake kilikuwa pembeni kabisa mwa bonde, na chenyewe pia kiliungua. Alimwambia Fundi kwamba tangu aolewe hapo, enzi za matete, baridi waliijua lakini barafu hawakuijua. Alisema bila kumlaumu mtu, kama anayesema maharage yamepanda bei.

Shamba lilinuka mboga iliyooza. Jembe alikuwa anang'oa mashina na kuyarundika, akaendelea kung'oa hata baada ya kumwona dada yake. Fundi hakujitetea. Aliomba radhi kwa lile neno la "lala", akasema amekuja kuangalia udongo, akaomba kusaidiwa kuchimba. Kazi ni kitu ambacho Jembe hakuwahi kukikataa, hata kwa mtu aliyemkasirikia. Akachukua sepetu.

Juu palikuwa pakavu. Ule udongo mweusi, ambao ni majani na mizizi iliyooza kwa miaka mingi chini ya maji, ulikuwa umezidi kukauka mwaka hadi mwaka, ukawa mwepesi kama vumbi la mbao. Fundi aliuminya kiganjani, ukasambaa na upepo. Lakini walipofika chini ya kina cha kiganja waliukuta mbichi, na ukiuweka mkononi una uvuguvugu. Akachomeka kipimajoto kimoja juu na kingine chini, akaviacha mpaka kesho yake. Kulipopambazuka alivisoma. Chini joto lilikuwepo tele. Juu palikuwa pamepoa karibu kuganda.

Hapo akaelewa. Tabaka lile kavu lilikuwa kama godoro. Joto la ardhini lilitaka kupanda usiku, godoro likalizuia, na majani ya viazi yakabaki peke yao na mbingu iliyo wazi. Modeli yake iliuhesabu udongo ule kama udongo wa kawaida, unaopitisha joto. Hapo ndipo zilipopotelea zile nyuzi zilizobaki, kati ya tatu na sifuri.

Alimweleza kaka yake palepale, wamesimama ukingoni mwa shimo, na kwa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta alisahau anaongea na nani. Jembe alisikiliza ameegemea sepetu. Alikuwa mwepesi wa kuelewa tangu utotoni.

"Kwa hiyo maji yangekuwepo," akasema, "pasingeganda."

Fundi alitamani kulizunguka swali. "Ndiyo," akajibu. "Ingekuwa baridi tu."

"Na pale kwa mama?"

"Hewa ya hapa ikipoa inatambaa mpaka kwake."

Jembe aliutazama mfereji mkubwa uliokatiza bonde kule chini, umenyooka kama uzi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Hilo usiwaambie watu, mdogo wangu. Waambie modeli ilikosea. Si ni kweli ilikosea?"

Fundi alisema ataandika kuhusu udongo, hataandika jina la mtu. Jembe alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. Bonde hili, alisema, kila mtu anajua ni la nani.

Mjini Fundi aliandika kanuni mpya. Aliifundisha modeli kwamba udongo wa mboji ukikauka hushika joto lake na kulinyima anga, na ukilowa hulipitisha. Mwanzoni iliharibu mahali pengine. Nyanda za mashariki, ambako hakuna mtu aliyewahi kuvaa koti, zikaanza kuganda kwenye skrini, kwa sababu ramani ya udongo ilizipaka mboji ambayo hazikuwa nayo. Mtabiri wa zamu alipita nyuma yake akauliza kama sasa wauze miavuli wanunue makoti. Ilikuwa mara ya kwanza kwao kucheka tangu siku ile. Fundi alisahihisha ramani ya udongo, kipande kwa kipande, akaendesha usiku wa sakitu tena. Safari hii bonde liligusa sifuri, likavuka. Akajaribu usiku mwingine mwingi wa misimu iliyopita, wenye mawingu na usio na mawingu, na modeli ikaenda sambamba na kituo cha shule.

Mkuu wa kitengo alifurahi kupita kiasi. Aliweka picha mbili kando kwa kando, bonde lenye kinamasi na bonde lisilo na kinamasi, usiku uleule, akaona mara moja kitu ambacho Fundi alitumaini asikione: kukaushwa kwa bonde ndiko kulikoleta sakitu. Alitaka picha hizo zipelekwe wizarani. Kulikuwa na mabonde mengine yaliyokuwa kwenye mpango wa kukaushwa, na kwa mara ya kwanza ofisi yao ingekuwa na la kusema kabla ya hasara. Fundi alimweleza kuhusu kaka yake. Mkuu alimhurumia kwa dhati, kisha akamuuliza kama kuna kitu katika picha zile ambacho si kweli. Hakikuwepo.

Akampigia Jembe. Alimwambia habari itatoka, na kwamba ingekuwa heri watu wake waisikie kwake kuliko redioni. Jembe hakubisha wala hakukubali. Simu ilikatika.

Lakini aliwaambia. Aliwakusanya wanakikundi akasimama mbele yao, akasema yote, na kwamba yeye ndiye aliyewashawishi. Alijiandaa kwa hasira yao. Hasira ilikuja, ila haikumwendea yeye. Walisema huo ni ujanja wa serikali wa kulichukua bonde. Dada yake Jembe ametumwa, walisema. Kwanza alitoa utabiri wa uongo wakaungua, sasa anakuja na hadithi ya vyura. Wizara ilipowatuma watu wawili kuja kupima mifereji, wakawa na hakika. Wifi yake alimsimulia kwa simu kwamba majirani wanapita mbele ya mlango wa mama kimya, na mama anawasalimu hivyohivyo, mmoja mmoja, kwa majina ya watoto wao, na wachache ndio wanaoitikia.

Siku chache baadaye Jembe mwenyewe alipiga. Alikuwa ameacha uenyekiti wa kikundi. Hakuna aliyemwondoa; alisema hawezi kuongoza watu wanaomwonea huruma.

"Ulisema ukweli," akamwambia Fundi, "sina neno. Lakini mbele ya watu ulinisimamisha mimi. Ungekuja wewe."

Ni kweli kwamba Fundi alijiambia anamheshimu kaka yake kwa kumwachia nafasi ya kusema mwenyewe. Na ni kweli vilevile kwamba alikuwa ameogopa zile nyuso. Aliomba likizo, akaenda.

Alikutana na wanakikundi darasani, wakubwa wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Fundi alisimama mbele bila picha wala kompyuta. Alianza na neno la "lala". Akaeleza kuhusu maji, na godoro, na jinsi yeye mwenyewe alivyokaa miaka mbele ya ramani yenye kinamasi ilhali alikula wali siku kilipokaushwa. Kuna waliotabasamu hapo, na kuna waliotazama dirishani. Mzee mmoja wa kikundi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akasimama.

"Tukirudisha maji," akauliza, "tutakula nini?"

Fundi alijua modeli yake haina kanuni ya hilo. Angeweza kuzungumza juu ya wizara na mipango. "Sijui," akasema.

Mzee alimtazama, akasubiri kama kuna zaidi, akaketi. Na kwa kuwa hakudanganya hapo, wakaanza kumuuliza anachojua. Anajua, alisema, kwamba udongo ule ukilowa juu godoro linafunguka. Kabla ya kuja alikuwa ameijaribu modeli: mifereji ikizibwa, maji yakapanda na kulowesha tabaka la juu kabla ya usiku wa hatari, joto linapanda kama nyuzi mbili. Wakati mwingine hizo zinatosha. Wakalumbana. Viazi vikikaa kwenye maji vinaoza, wengine walisema, na Fundi akakubali kwamba ni kweli, ni jambo la siku ya onyo tu, kesho yake maji yaachiwe. Kufikia mwisho hawakupatana juu ya kinamasi, wala juu ya wizara, wala juu yake. Walipatana tu kutengeneza milango ya mbao kwenye mifereji, na kwamba ofisi ikitoa onyo wataifunga mchana. Jembe alikaa nyuma muda wote. Walipokuwa wakirudi nyumbani alitembea hatua moja mbele ya dada yake, akimshikia matawi yasimpige usoni.

Onyo la kwanza lilitoka wakati viazi vilivyopandwa upya vilikuwa vimeshachipua vizuri. Modeli ilisema bonde litashuka chini ya sifuri kwa kiasi kidogo. Fundi aliyapitia mahesabu yote, akalipeleka onyo kwa mtabiri wa zamu, naye akalisoma redioni taratibu, mara mbili. Mchana wifi yake akatuma ujumbe kwamba milango imefungwa na maji yanapanda.

Asubuhi Fundi ndiye aliyepiga. Wifi akapokea, akasema kule chini karibu na mfereji mkubwa mashamba yamesalimika, majani mabichi kama jana. Kwa mama pia. Kisha akasita. Upande wa juu, akasema, maji hayakufika. Shamba lao ni la upande wa juu.

Fundi aliomba aongee na kaka yake. Alisikia hatua za wifi kwenye majani, kuku, mtoto akiuliza kitu, halafu pumzi ya Jembe.

"Kule chini yamepona," Jembe akasema. "Wamefurahi sana. Mzee yule ameniambia nikufikishie salamu."

"Na wewe?"

"Huku maji hayapandi, hata tungeanza alfajiri. Nimekaa hapa naangalia." Akakohoa kidogo. "Nadhani huku juu itabidi tupaache."

Alisema "tupaache" kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayezungumzia shamba la mtu mwingine. Fundi alifungua mdomo kumwambia kwamba bado wanaweza kujaribu, kwamba ataendesha modeli tena na mfereji mmoja zaidi, kwamba asikate tamaa. Hayo yote alikuwa hana hakika nayo, na neno lake la mwisho la kumtuliza kaka yake bila hakika lilikuwa limewagharimu sana. Akanyamaza naye.

Mlango ukafunguliwa, mtabiri wa zamu akaingia mbio ameshika karatasi ya kituo cha shule. Utabiri ulikuwa umelenga palepale, akasema, haujakosea hata nusu nyuzi, na Mkuu anamwita. Fundi akainua mkono kumwomba asubiri, simu ikiwa bado sikioni.